Mawe kwenye mfuko wa nyongo: nitobolewe matundu au tumbo lifunguliwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Mbagala, kazi yangu ni mama lishe. Tangu Ramadhani iliyopita nimebanwa na tumbo mara tatu, usiku, upande wa kulia chini ya mbavu, maumivu yanazunguka mpaka mgongoni na natapika. Kwa miaka miwili nilikuwa natibiwa vidonda vya tumbo. Juzi nimepimwa ultrasaundi, wakakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, kubwa lina milimita 14. Daktari wa upasuaji ameniambia mfuko utolewe kwa matundu madogo. Dada yangu mkubwa amekataa katakata, anasema kwenye matundu daktari anapapasa tu huku anaangalia tivii, bora tumbo lifunguliwe aone kwa macho yake. Jirani naye ananishauri ninywe mafuta ya zeituni na limao, eti mawe yatatoka chooni. Nilijifungua mara mbili kwa upasuaji. Naogopa, na siwezi kukaa miezi bila kazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Nianze na jibu lenyewe ili usisome yote ukiwa roho juu. Kwa ulivyojieleza, mfuko huo utolewe, na matundu madogo ndiyo njia ya kwanza kwa mtu kama wewe. Lakini usimpuuze dada yako. Anachokiogopa kipo kweli, na ukikielewa vizuri ndicho kitakachokusaidia kujua umkabidhi nani tumbo lako.

Kwanza tuhakikishe kwamba kinachokuuma ni nyongo. Hapa Dar mtu akisema chembe ya moyo inamuuma, kabla hajamaliza sentensi ameshaambiwa ana vidonda vya tumbo, na duka la dawa liko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Anakunywa vidonge, maumivu yanapoa, anaamini amepona. Kumbe maumivu ya nyongo huja na kuondoka yenyewe, dawa iwepo isiwepo. Tabia zake ni hizi: yanaanza saa moja au zaidi baada ya chakula cha mafuta, au usiku wa manane; yanapanda haraka, yakifika juu yanakaa palepale nusu saa hadi saa kadhaa; hupati mkao, ukilala yapo, ukikaa yapo; yanakwenda mgongoni au kwenye bega la kulia; kisha yanaisha kabisa, kesho yake unaamka mzima. Vidonda huunguza, vinahusiana na njaa, na dawa ya kupunguza asidi inaleta nafuu inayoonekana. Maelezo yako yote yanaangukia upande wa nyongo, na kuanza kwake Ramadhani hakunishangazi: baada ya kutwa nzima bila kula, futari inaingia na sambusa, bagia na katlesi kwa pamoja.

Hata hivyo, mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kama kuna kuungua kifuani au tumboni kunakokusumbua siku nyingine zote, mwambie daktari kabla ya upasuaji, apime bakteria wa vidonda na, ikibidi, aangalie tumbo la chakula kwa kamera ya mdomoni. Mfuko wa nyongo ukitolewa hautaponya kidonda. Wapo wagonjwa wanaolalamika kuwa upasuaji haukuwasaidia, na ukiwasikiliza kwa makini unagundua yale maumivu yaliyobaki hayakuwa ya nyongo tangu mwanzo.

Nyongo hutengenezwa na ini, karibu lita moja kwa siku. Mfuko hauitengenezi, unaihifadhi tu, na unabeba mililita 30 hadi 50 hivi. Ukila mafuta, mfuko unaminywa ili nyongo ishuke kwenye utumbo. Jiwe likikaa shingoni mwa mfuko wakati huo, mfuko unasukuma na njia imezibwa. Hayo ndiyo maumivu yako. Jiwe likirudi nyuma, unapumua. Likibaki, mfuko unavimba na kupata maambukizi. Jiwe dogo likiponyoka na kuingia kwenye mrija mkuu, macho yanakuwa ya njano na mkojo unakolea kama chai ya rangi, au kongosho linavimba, na hilo la kongosho linaweza kuua.

Si kila mwenye mawe apasuliwe, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu siku hizi ultrasaundi zimekuwa nyingi. Karibu watu 8 kati ya 10 wenye mawe ambayo hayajawahi kuwauma hawatapata shida yoyote. Kama mawe yako yangeonekana kwa bahati tu ulipokwenda kupimwa ujauzito, ningekuambia uyaache. Lakini ukishabanwa mara tatu, hesabu inageuka: mara ya nne inakuja, na hakuna anayejua itakuja na nini.

Kuhusu mafuta ya zeituni na limao, jirani yako anakutakia mema, na inawezekana kweli aliona vidonge laini vya kijani chooni. Vidonge hivyo vimepimwa maabara na kukutwa ni sabuni: mafuta mengi yakikutana na vimiminika vya tumboni yanaganda. Mawe yenyewe yanabaki palepale, na ukirudia ultrasaundi utayaona. Ninachokihofia zaidi ni kwamba glasi ya mafuta kwa mpigo mmoja inauamrisha mfuko ujiminye kwa nguvu zote, jambo ambalo wewe kwa sasa hulitaki. Vidonge vya hospitali vya kuyeyusha mawe vipo, ila vinafaa mawe madogo ya aina moja tu, vinanywewa miezi mingi hadi miaka miwili, na mawe hurudi kwa wengi. Kuyapiga kwa mawimbi kama yale ya figo nako hakufai, maana vipande vitashukia kwenye mrija mkuu. Na ukiuliza kwa nini yasitolewe mawe tu mfuko ukabaki, ni kwamba mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine.

Sasa nije kwa dada.

Mfuko wa nyongo ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1882 huko Berlin, na daktari Carl Langenbuch, kwa kufungua tumbo. Kwa miaka 100 iliyofuata njia ikawa hiyo. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akautoa kwa matundu, na wenzake wakampinga vikali. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo mjini Lyon, Ufaransa, na baada ya hapo njia ikaenea haraka mno, madaktari wengi wakijifunza kwa siku chache tu. Matokeo yake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka. Kwa hiyo anachosema dada yako kiliwahi kusemwa na madaktari bingwa, na walikuwa na ushahidi.

Tatizo halikuwa kutokuona. Kamera ya leo inakuza picha mara kadhaa kuliko jicho, na inaingia chini ya ini mahali ambapo, tumbo likiwa wazi, daktari ananyoosha shingo kutafuta mwanga. Tatizo lilikuwa kudhani. Pale mahali ni padogo. Mfuko unaishia kwenye mrija mfupi, unaoungana na mrija mkuu wa kutoka kwenye ini, wenye upana wa milimita 6 hivi. Kando yake kuna ateri ndogo inayolisha mfuko. Vyote vimefunikwa na mafuta na utando, na mfuko ukiwa umeshawahi kuvimba, vimegandana. Daktari akiuvuta mfuko, mrija mkuu unaweza kunyooka ukakaa sawasawa na ule mfupi, na mwenye haraka akaukata akidhani ndio wenyewe.

Dawa ya kosa hilo ilielezwa kwa uwazi mwaka 1995 na daktari Steven Strasberg wa Marekani, na leo ndiyo inayofundishwa kila mahali. Mfuko unavutwa juu kuelekea bega la kulia la mgonjwa. Utando unatanduliwa kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka sehemu ya chini ya mfuko iachane na ini, na vitu viwili, viwili tu, vionekane vikiingia kwenye mfuko, huku ini likionekana wazi nyuma yao. Madaktari wengi huchukua picha hapo. Ndipo vinawekwa vibanio vidogo vya titani, viwili upande unaobaki mwilini na kimoja upande unaotoka, na mkasi unapita katikati. Kabla ya kufika hapo, hakuna kukata. Kazi hiyo inaweza kumalizika kwa dakika 10 kwa mgonjwa mmoja na kumaliza saa nzima kwa mwingine, na ile saa nzima ni ishara nzuri, maana daktari anakataa kukisia.

Kwa uangalifu huo, jeraha la mrija mkuu sasa linahesabiwa kuwa wagonjwa 2 hadi 5 kwa kila 1000. Kwa tumbo lililofunguliwa ni pungufu kidogo, ila huko unabeba vitu vingine: mkato wa sentimita 10 hadi 15 chini ya mbavu, usaha kwenye kidonda, ngiri ya kwenye kovu, nimonia kwa sababu unaogopa kuvuta pumzi. Ukiweka vyote kwenye mizani, matundu yanashinda kwa wagonjwa wengi sana, na sisemi hivyo kwa sababu ya urembo wa kovu.

Lipo jambo ambalo ningependa wewe na dada yako mlibebe mkiingia kliniki. Matundu yanaweza kugeuzwa kuwa tumbo la kufungua katikati ya upasuaji, kwa mgonjwa mmoja kati ya 20 hivi, na zaidi ya hapo mfuko ukiwa umevimba. Watu wakiamka na kukuta mshono mrefu hulia kwamba daktari ameshindwa. Mimi naona kinyume chake. Aliyesimama akasema "hapa sioni, tufungue" ndiye aliyekulinda. Wapo pia wanaokata sehemu ya mfuko, kutoa mawe yote na kuacha kipande kilichogandana na mrija, na hilo nalo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Ninayemwogopa ni yule ambaye hajawahi kugeuza hata mara moja, na anajivunia.

Kwa hiyo muulize daktari wako, kwa heshima na bila woga: upasuaji huu anaufanya mara kwa mara au mara moja moja? Akikuta pamegandana atafanya nini? Kama ni lazima kufungua, yeye mwenyewe ataweza kufungua, au anaijua njia ya matundu peke yake? Mrija ukijeruhiwa, nani atautengeneza na wapi? Daktari mzuri hatachukia maswali haya. Akikujibu "usiwe na wasiwasi, ni kitu kidogo" halafu akanyamaza, tafuta maoni ya pili.

Dar hii hukosi pa kwenda. Muhimbili, Upanga na Mloganzila, wanafanya upasuaji wa matundu, Aga Khan vilevile, na zipo hospitali nyingine binafsi. Kwa wewe wa Mbagala njia ya rufaa inaanzia hospitali iliyo karibu nawe, inapitia Temeke, ndipo Muhimbili. Ukifuata rufaa unaepuka kurudishwa mlangoni, hasa kama una bima. Na bima uiulize mapema, kwa maandishi, kama kifurushi chako kinalipia upasuaji wa matundu au wa kufungua tu. Kama unalipa taslimu, omba bei yenye kila kitu ndani: usingizi, vifaa, kitanda, na kipimo cha maabara cha mfuko uliotolewa, maana mfuko haupaswi kutupwa bila kupimwa. Matundu mara nyingi ni ghali zaidi kaunta. Lakini wewe ni mama lishe, siku usiyowasha jiko ni siku usiyokula, kwa hiyo zihesabu na hizo. Aliyetobolewa matundu kwa kawaida anarudi kwenye shughuli nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Aliyefunguliwa tumbo anakaa wiki 4 hadi 6. Ukikwama kabisa kwenye hospitali ya umma, waone ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kulazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Makovu yako ya uzazi hayakufungii mlango. Yako chini ya kitovu, mfuko wa nyongo uko juu. Ila utumbo unaweza kuwa umeshikana na ukuta wa tumbo, kwa hiyo tundu la kwanza, lile la kitovuni, linahitaji uangalifu: daktari anaweza kukata kidogo na kuingia huku anaona, badala ya kuchoma sindano bila kuona, au akaanzia mahali pengine mbali na kovu. Hakikisha amelisoma hilo kwenye faili lako. Mwambie pia kama una presha, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, na dawa zote unazokunywa, za kuyeyusha damu zikiwa za kwanza, na za mitishamba zisisahaulike. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, sema.

Kabla ya siku yenyewe utapimwa damu, pamoja na vipimo vya ini. Nyongo ikionekana imepanda kwenye damu, au ripoti ya ultrasaundi ikisema mrija mkuu umetanuka, usikubali kukimbilia matundu moja kwa moja. Huenda kuna jiwe limeshashuka, na hilo hutafutwa kwa MRI ya mirija na kutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni mpaka kwenye utumbo. Usiku wa kuamkia upasuaji acha chakula kigumu, yapite angalau masaa sita kabla ya kupewa dawa ya usingizi ya upasuaji. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili kabla ya dawa hiyo, lakini fuata utakachoambiwa na mtaalamu wako wa usingizi.

Utalazwa nusu kaputi, husikii wala huoni. Tumbo litajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta wake uinuke na kuwe na nafasi ya kufanyia kazi. Gesi hiyo imechaguliwa kwa sababu haishiki moto na damu inaibeba hadi kwenye mapafu ukaitoa kwa pumzi. Kisha matundu manne, kubwa likiwa na sentimita moja hivi, na mfuko unatolewa kwa tundu la kitovu au lile la chini ya kifua, ukiwa ndani ya kipochi cha plastiki. Umeme ukikatika? Swali la haki kabisa. Mashine za usingizi zina betri, hospitali ina jenereta, na kama kamera ingegoma kurudi, tumbo linafunguliwa na kazi inamaliziwa. Ndiyo maana vifaa vya kufungulia huwa tayari chumbani.

Utakapoamka bega la kulia linaweza kukuuma kuliko tumbo. Usitishike, ni gesi iliyobaki inayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu, na inaisha siku mbili tatu. Jioni hiyohiyo utatembezwa, utakunywa uji, na wengi huruhusiwa kesho yake. Sufuria kubwa la wali na ndoo za maji muachie msaidizi kwa wiki 4. Kusimama jikoni na kukata vitunguu unaweza kuanza mapema zaidi, mwili utakuambia.

Kisicho cha kawaida ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, tumbo kujaa, kutapika kusikokoma, au macho kugeuka njano. Hata moja tu likitokea ndani ya wiki mbili za kwanza, rudi siku hiyohiyo hospitali uliyopasuliwa, si duka la dawa. Nyongo inayovuja au mrija ulioumia, ukigunduliwa mapema, hutengenezeka. Ukicheleweshwa wiki tatu kwa sindano za mtaani, inakuwa habari nyingine kabisa.

Utaishije bila mfuko? Kama kawaida. Ini linaendelea kutoa nyongo, ila sasa inachuruzika kidogo kidogo badala ya kumwagwa kwa mkupuo. Wachache hupata choo laini kwa wiki kadhaa, hasa wakila mafuta mengi. Wali wa nazi utaula, samaki wa kukaanga utawala, anza tu kidogo kidogo. Na kama nyumbani una mtoto mwenye selimundu anayelalamika tumbo upande wa kulia, mpeleke naye apimwe, kwa sababu watoto hao hupata mawe ya nyongo wakiwa wadogo.

Mpaka siku yako ifike, punguza vya kukaanga na supu nzito za mafuta. Maumivu yakirudi na yakadumu zaidi ya masaa sita, au yakaja na homa, kutetemeka au macho ya njano, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura na ripoti ya ultrasaundi mkononi, usiku au mchana. Mfuko uliovimba mara nyingi ni bora utolewe ndani ya siku chache za mwanzo kuliko kupoozwa kwa dawa na kurudishwa nyumbani wiki 6, kwa hiyo waulize waziwazi kama wanaweza kukufanyia ukiwa umelazwa.